Yule Aliyenisindikiza Kutoka Shato

Pata-pata. Pata-pata.

Kiatu kikubwa kuliko mguu kinalia hivyo. Kisigino kinainuka chenyewe, kiatu kinachelewa kidogo, halafu kinafuata na kupiga chini. Kama uliwahi kuvaa viatu vya mama yako ukiwa mtoto, ukazunguka navyo nyumbani mpaka ukafukuzwa, unaijua sauti hiyo. Mimi nikiisikia leo, hata mchana, hata sokoni katikati ya makelele, mikono yangu inaacha kazi. Ninasuka nywele, ndiyo riziki yangu, na wateja wameshanizoea. Wananiita yaya, yaani dada mkubwa. Wanasema, "Ona, yaya amesimama tena, anasikiliza!" Wanacheka. Nami ninacheka nao, kwa sababu mimi kwa kuzaliwa ni mtu wa kucheka.

Lakini haya si ya kuchekesha, na sikuyatunga. Niliacha shule kabla ya diplome, kutunga ningekutolea wapi? Ningekuwa ninatunga ningekuwekea mzimu mwenye macho mekundu na kucha ndefu. Niliyekutana naye mimi alikuwa na sauti nzuri, na neno lake la kwanza aliniuliza kama nimekula. Niamini au usiniamini. Yalitokea hapa hapa Bukavu, Jumapili, na wengi tuliokuwa nao siku ile wapo hai.

Kwanza nikuambie habari za Koko. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, ni mama wa papa, baba yangu. Tulikuwa tunaishi naye Nyalukemba, kwenye nyumba ya mbao yenye baraza inayoona ziwa. Miguu yake ilikuwa imeshachoka. Kutoka kitandani mpaka barazani ilikuwa safari ya kupumzika njiani. Mimi ndiye nilikuwa ninamwogesha, ninamsuka, ninamkaangia sambaza, dagaa wa ziwa letu, mpaka zinalia mdomoni kama alivyopenda. Na kila jioni, kabla ya kula, alikuwa anaomba sahani moja zaidi. Haiwekwi chakula. Inakaa tu pembeni yake, tupu, safi.

Ilikuwa sahani ya dada yake mkubwa, Nsimire.

Nsimire alikuwa analea watoto wa wazungu kwenye lile jumba la Nguba ambalo watu wote wanaita Shato, yaani kasri. Wakati wazungu wale walipoondoka kwa haraka, naye hakuonekana tena. Wengine walisema walimbeba mpaka Ulaya. Wengine walisema alipanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Idjwi na mtumbwi haukufika. Hakuna aliyeleta neno wala nguo. Koko wakati huo alikuwa kitoto cha kutumwa maji. Akakua, akaolewa, akazaa, akazika, akazeeka, na lile neno halijafika.

"Mi sitaki kitu ingine," alikuwa akiniambia nikimchana nywele zake nyeupe. "Nataka tu kujua alifikia wapi. Mutu hawezi kupotea hivi kama sindano."

Unajua inavyouma kusikia hivyo kila siku kutoka kwa mtu unayempenda, na huna la kumpa?

Basi, Shato. Ukiwa kwenye boti unaiona toka mbali, imekaa juu ya kilima kidogo kinachoingia ziwani, mawe meusi matupu, na minara miwili. Mmoja mzima, mwingine umeishia katikati kama jino lililovunjika. Nilipokuwa mdogo nilikuwa ninalala ninaota niko kule juu, nimevaa robe ndefu, ninapungia mkono mitumbwi. Miaka yote lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Ndipo siku moja nikasikia redioni kwamba vijana fulani wanaopenda historia wamepata ruhusa ya kutembeza watu Jumapili mchana. Nilipiga vigelegele hapo hapo kwenye baraza!

Koko hakupiga vigelegele. Alisema tu, "Uende. Ukifika, zunguka nyuma ya jikoni. Kama muavoka ingali, unipigie foto."

"Muavoka ya nini, Koko?" nikauliza. Muavoka kwetu ni mparachichi.

"Pale njo nilikuwa namungojea dada."

Tulikuwa kikundi kizuri. Kulikuwa na wamama wa kwaya waliotoka misa na viatu vyao vya kuchuchumia, wanafunzi, papa mmoja na mtoto mgongoni. Guide, mtu wa kututembeza, alikuwa kijana mwenye kofia, mcheshi, Kifaransa na Kiswahili vikitoka pamoja. Akatueleza kwamba mwenye nyumba alikuwa mzungu wa mashamba ya kwinini. Mke wake alikuwa analia kila jioni kwa kukumbuka shato ya kwao, basi mume akamwambia, usilie, nitakujengea yako hapa. Mawe yakatolewa ufukweni, yakapandishwa kilimani mkono kwa mkono, wanaume wamejipanga mstari toka maji mpaka juu. Mnara wa pili haukuisha kwa sababu wenyewe waliondoka kabla.

Baadaye wakaishi wakubwa. Baadaye askari. Baadaye kukawa shule ya kushona. Baadaye, miaka ile mibaya, wakakaa watu waliokimbia vijiji vyao. Guide akatuonyesha sakafu ya salon, sebule yao, mbao nzuri zinazong'aa bado, na juu yake miduara myeusi, hapa mmoja, pale mwingine. Ni mahali walipokuwa wanapikia. Wamama wa kwaya walisikitika, "Aii, parquet ya bei!" Mimi niliiangalia ile miduara nikaona sufuria ya bwali, ugali wetu, na watoto wamezunguka. Nikafurahi kidogo moyoni. Angalau kuna siku watu walikula humo wakashiba.

Nikanyoosha mkono kama shuleni. "Na batoto ba bazungu, nani alikuwa anabalea?"

Guide akacheka. "Swali nzuri, maman! Pengine chupa ya biberon ilikuwa inabalea yenyewe."

Watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, mdomo tu. Ndani iliniuma. Mawe yana habari, mbao zina habari, hata machozi ya madame yana habari. Na mtu aliyekuwa analala humo ndani na watoto, hakuna?

Ndipo mvua ikaanza. Unajua mvua ya Bukavu, haiombi ruhusa. Ukungu ulipanda kutoka ziwani mara moja, ukameza ufukwe, ukameza bustani. Wamama wakavua viatu wakakimbilia langoni kwenye basi lao. Guide akapiga kelele, "Tunafunga, tunafunga!" Mimi nikakumbuka foto ya Koko. Nikakimbia kuzunguka nyuma.

Muavoka ulikuwepo! Mkubwa, mnene, umebeba matunda mpaka matawi yameinama. Nikatoa simu, nikapiga foto haraka. Nilipogeuka kutafuta pa kujikinga, nikaona mlango wa jikoni uko wazi, na msichana amesimama kizingitini.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikadhani ni mtoto wa sentineli, mlinzi wa pale. Nikajibu, "Bado, lakini ni sawa, merci."

"Ingia basi, mutoto. Utalowa."

Sikia hapa vizuri. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Uso wake siwezi kuukumbuka hata nikikaza macho, lakini ninajua alikuwa mdogo, shingo ya msichana, mikono ya msichana. Na aliniita mutoto. Na mimi, mtu mzima mwenye wateja wangu, nikaitika na kuingia.

"Ni wewe uliuliza nani alikuwa anabalea batoto," akasema.

"Ulisikia?"

"Hakuna mutu alishauliza ile."

Akatangulia. Pata-pata, pata-pata, juu ya mawe ya jikoni. Nikaangalia chini nikaona viatu vya ngozi, vya mwanamke mkubwa, vya zamani sana, na kisigino chake kinatoka nje kila hatua. Nikataka kucheka, nikakumbuka mimi na viatu vya maman wangu. Akanipitisha mahali ambapo guide hakutupitisha. Chini ya ngazi kulikuwa na chumba, chumba gani, tuseme kabati, kitanda kingejaa na mlango usifunguke. Dirisha dogo linaona ziwa.

"Kengele ilikuwa hapa," akagusa ukutani. "Usiku, mutoto ule mudogo wa madame alikuwa anaogopa upepo. Mupaka mutu atembee mulangoni, ende, arudi, ende, arudi. Akisikia viatu, analala. Viatu vikinyamaza, analia."

"Na nani alikuwa anatembea?"

Akaniangalia kama vile swali langu ni la kitoto. "Sasa nani?"

Niamini, hata hapo sikuogopa. Kwetu watu wanazungumza habari za babu zao kama vile walikuwepo. Nilidhani anasimulia ya bibi yake. Nikamwuliza, kwa roho nyepesi kabisa, "Na walipoondoka, waliondoka naye?"

Mvua ilikuwa inapiga paa. Yeye akawa anapapasa kitasa cha lile dirisha dogo.

"Balisema, baki, funga madirisha yote, tutatuma mutu akuchukue. Madirisha ya hii nyumba ni mingi. Nilifunga yote." Akaachia kitasa. "Sikufungua tena."

Nikasogea mlangoni. Alisema *nilifunga*. Nikasema lazima niende, kwetu wataanza kunitafuta. Hakubisha. Alisema maneno ambayo kila mtu wa hapa angesema.

"Twende nikusindikize."

Ungekataa? Wewe unayesoma, ungekataa? Kwetu mgeni hatoki mlangoni peke yake kama mbwa. Unamtoa mpaka njiani, mnapiga mastori, unamtoa mbele kidogo, na anayesindikizwa ndiye anayesema, merci, inatosha, rudia hapa. Ni yeye anayekupa ruhusa ya kurudi. Kabla hajasema, unaendelea tu, hata kama miguu inauma. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kuhesabu.

Tukatoka. Lango lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu wanalifunga. Tukapanda njia ile yenye changarawe, ukungu mbele, ukungu nyuma, yeye pembeni yangu, pata-pata, pata-pata. Maji yalikuwa yanashuka njiani kama mto mdogo. Kandambili zangu zilijaa matope. Nikaangalia viatu vyake. Vikavu. Vumbi, wallahi, vumbi juu ya ngozi.

Kwenye kona, penye mkaratusi mkubwa, akasimama. Akanigeukia, akangoja. Alikuwa anangoja kitu kutoka kwangu, nilikiona kabisa usoni mwake, kama mtoto anayengoja umwambie aende kucheza. Na mimi nilikuwa ninajua ni nini! Lakini ulimi ulikuwa umekauka. Nikasikia moto, yaani pikipiki, inapanda kutoka chini, nikairukia katikati ya njia, nikapanda nyuma ya taximan bila hata kuelewana bei, nikamwambia, "Endesha! Endesha tu!"

Mlimani moto ilikuwa inaguna. Taximan akageuza kichwa. "Maman, ulibeba muzigo gani? Moto inakataa."

"Sina muzigo, papa. Ni mimi tu."

"Basi, uko na mifupa ya chuma!"

Akacheka mwenyewe mpaka Nyalukemba.

Koko alikuwa barazani, blanketi magotini. Sikutaka kumtisha, nikampa simu aone. Akaisogeza mbali, akaikaribisha, akaniuliza, "Muavoka iko wapi?" Nikachukua simu. Kwenye foto kulikuwa na ukuta wa jikoni, mvua, na kisiki. Kisiki cha zamani, kimeota majani juu.

Nikaketi chini. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kufumba macho. Nilipofika kwenye viatu, akaushika mkono wangu.

"Vya madame," akasema. "Alimupatia vikiwa vikubwa. Alikuwa anaweka pamba mbele. Mi nilikuwa namucheka." Halafu akauliza, sauti ndogo, "Alikusindikiza mupaka wapi?"

"Mupaka kwa mukaratusi."

"Ulimwambia arudi?"

Nikatikisa kichwa.

"Hapana, Koko. Niliogopa."

Koko aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Mabega yanatikisika, machozi yanashuka, anacheka kama msichana. Ndipo akanieleza kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Kila Jumapili alikuwa anakwenda kumngojea dada yake chini ya muavoka, na kila Jumapili dada alimsindikiza mpaka ule mkaratusi. Na yeye Koko, kwa ujanja wake wa kitoto, alikuwa hasemi rudi. Anajua dada hawezi kurudi bila neno. Kwa hiyo wanasimama pale, dada anaomba, "Sema basi, mutoto, nitafukuzwa," yeye anacheka, anakataa, wanaongeza hatua. Jumapili ya mwisho kengele ililia kule chini wakiwa kwenye kona. Nsimire akageuka akakimbia, pata-pata, pata-pata. Hakungoja neno. Koko hakulisema.

"Njo vile," akasema. "Alikuwa hajarudi wala hajafika."

Na hapo hapo, naapa kwa miguu ya Koko, tukasikia kwenye mbao za baraza, nyuma ya kiti chake. Pata-pata. Halafu kimya. Kama mtu aliyefika na anaona haya kubisha.

Koko hakugeuka. Akasema tu, "Lete sahani, mujukuu. Safari hii weka na sambaza."

Ningependa kukuambia mambo yaliishia hapo. Ingekuwa kisa kizuri, sivyo? Nami nilidhani hivyo. Kesho yake Koko aliamka mwenyewe. Akatembea mpaka barazani bila kushika ukuta. Papa alifurahi, akasema dawa imeingia. Jioni ile nilimkuta Koko ameshuka ngazi za baraza, amesimama uani, anazungumza na hewa. Jioni iliyofuata alifika kwenye ua wa jirani. Iliyofuata, kwenye kichochoro. Na kila nikimkimbilia ninamkuta anacheka, amefunga mdomo kwa nguvu, anatikisa kichwa. "Sisemi! Bado! Twende mupaka pale!"

Walikuwa wamerudia mchezo wao.

Unaona hatari? Mimi niliiona. Kutoka kwetu njia zote zinashuka, na zote mwisho wake ni ziwa. Mvua kila siku, udongo unateleza kama sabuni, na mwanamke mzee ambaye daktari alisema asipande hata ngazi, anazidi kusogea, kila jioni mbele kidogo ya jana. Mchezo ule una mwisho gani kama hakuna anayesema inatosha?

Nikampigia magoti. "Koko, sema neno. Mwambie arudi."

"Si mimi niko na neno," akanijibu. "Alikusindikiza wewe. Wewe njo unaweza kumurudisha." Akanishika uso kwa viganja vyake. "Usiseme. Nakuomba, mutoto yangu. Nilimungojea maisha muzima. Unipe siku kidogo tu."

Neno liko mdomoni mwangu. Nikilisema, ninamwokoa Koko, na ninamnyang'anya dada yake. Nisiposema, ninamwachia dada yake, na njia inashuka. Ungefanya nini? Nilijaribu. Jioni mbili nilifungua mdomo pale kichochoroni, nikisikia pata-pata mbele yangu na kandambili za Koko pembeni, kich-kich, kich-kich, na sauti yake inapiga mastori ya watu waliokufa kabla papa hajazaliwa. Nikamwona amenyooka mgongo. Nikafunga mdomo.

Wiki ile ile alinyeshewa, homa ikampanda. Papa alimwita muuguzi, akaja na sindano zake, akatoka akimwangalia papa kwa macho yale ambayo hayahitaji maelezo. Koko hakuwa anashuka tena kitandani. Lakini chini ya blanketi miguu yake ilikuwa inatembea. Polepole, mmoja, mwingine. Nilikaa naye nimeishika, na bado ilikuwa inatembea ndani ya mikono yangu.

"Koko, pumzika."

"Sasa ni zamu yangu," akasema. "Mi njo nitamusindikiza."

Aliondoka alfajiri, jogoo wa jirani wakiwa wameshaanza. Mimi na wamama wa mtaa tulimwosha. Na hili nalisema mbele ya Mungu: miguu ile niliiosha mwenyewe jana yake kwa maji ya moto na sabuni, na toka hapo haikugusa ardhi. Nilipofunua blanketi ilikuwa na matope mabichi mpaka vifundoni, na katikati ya vidole, jani moja la mkaratusi. Mama mmoja aliliona. Alilitoa, akalitupa, akaendelea kuosha, hakuuliza. Kwetu Nyalukemba, karibu na nyumba, hakuna mkaratusi.

Tulimlilia, tukamzika, watu wakakaa msibani, wakaimba, wakala, wakatawanyika. Na siku waliyotawanyika, nikiwa ninarudi peke yangu kutoka kumtoa shangazi njiani, nikasikia nyuma yangu.

Pata-pata. Pata-pata.

Koko ameondoka, na neno la kumrudisha bado liko kwangu. Toka hapo sikupata utulivu. Ninatembea, inatembea. Ninasimama, inasimama. Nikilala ninaisikia mlangoni, inakwenda, inarudi, inakwenda, inarudi, kama kwa yule mtoto aliyekuwa anaogopa upepo. Hainifanyi kitu kibaya. Nadhani inanibembeleza! Lakini wewe jaribu kulala ukibembelezwa hivyo. Nilikonda. Nilisuka mistari ikapinda, mteja akaniambia kichwa chake si barabara ya mlimani. Na swali moja likawa linanitafuna: nilimletea Koko furaha, au nilimletea kifo chake nyuma ya ile pikipiki? Nimegeuza na kugeuza. Sijui. Mpaka leo sijui.

Kwa hiyo nikuonye, wewe unayesoma. Ukienda Shato, nenda, ni nzuri, angalia minara, angalia ile miduara ya moto kwenye sakafu. Lakini mtu akikusindikiza, popote pale, mjini au kijijini, hata kama humjui, hata kama una haraka, hata kama ulimi umekauka kwa hofu, usimwache amesimama njiani. Mwangalie, mshukuru, mwambie arudi. Neno lile ni dogo. Wewe ukilisahau, kuna mtu hafiki tena kwake.

Mimi nililisema Jumapili iliyopita. Sikumwambia papa. Nilishuka Nguba baada ya misa, mchana kweupe, watoto wanacheza mpira kando ya njia, na pata-pata nyuma yangu toka nyumbani. Nilifika kwenye kona penye mkaratusi. Nikageuka. Hakukuwa na mtu, njia tupu na jua. Nikasema kwa sauti kama mtu anayezungumza na mgeni wake, "Merci sana, Koko Nsimire. Inatosha. Rudia hapa."

Pata-pata ikanipita pembeni, ikashuka kuelekea langoni. Halafu, kabla ya kufika mbali, ikasimama. Nikangoja. Haikwenda, haikurudi. Ilikuwa imesimama kama dada anavyosimama njiani kumngojea mdogo wake.

Nikafungua mfuko wangu. Nilikuwa nimebeba kandambili za Koko, zile za bluu, moja kamba yake imeshonwa kwa waya. Sikujua kwa nini nilizibeba mpaka wakati ule. Nikachutama chini ya mkaratusi, nikazifuta vumbi kwa kitambaa changu, nikazipanga moja pembeni ya nyingine, ncha zikiangalia chini, upande wa ziwa.